Nyau

Jioni, wanawake wa hapa Makoko wanapoanua dagaa, paka wa jirani huwa amekwisha kujipatia fungu lake. Juzi mjukuu wangu alipiga kelele: "Babu, yule nyau karudi tena!" Neno hilo lilinichoma, maana nina deni nalo.

Nilipokuwa mwalimu kijana, mtoto wa darasa la tatu aliandika katika insha yake: "Nyau wetu amezaa." Nikalikata neno kwa wino mwekundu, nikaandika "paka", kisha nikaisoma sentensi yake mbele ya wenzake. Walicheka sana. Tangu siku hiyo wakamwita Nyau, naye akawa anaandika sentensi fupi fupi, zisizo na kosa wala uhai.

Miaka ikapita. Wageni wengi wamejifunza Kiswahili hapa Makoko, katika shule ya lugha ya wamisionari wa Maryknoll. Siku moja mgeni Mwingereza alimkuta paka barazani kwangu, akamwita "moggy". Akanieleza kuwa ndivyo wanavyomwita kwao paka wa kawaida, asiye na nasaba. Nikalifuatilia neno hilo. Lilianza kumhusu paka mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla ya hapo, katika lahaja za Uingereza, liliwahi kumtaja ndama, na pia mwanamke asiyejitunza. Wengi hudhani limetokana na Maggie, kifupi cha Margaret. Hata gari aina ya Morris Minor walilipachika jina hilo.

Nikajiuliza: na letu je? Nyau ni mlio wa paka mwenyewe. Wakikuyu nao humwita hivyo. Wamisri wa kale walimwita kwa mlio wake, na Wachina humwita "mao" hadi leo. Sisi tunaye pia shume, dume linalozurura usiku, na nunda, paka aliyegeuka mnyama mkali, kama yule wa hadithi ya Sultani Majnuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, aliyeanza na mifugo akaishia kula watu. Kila jina lina mahali pake. Na nilipofungua kamusi, nyau nilimkuta humo.

Kumbe yule mtoto hakukosea. Alimwita paka wao kama alivyoitwa nyumbani.

Mwaka jana tulikutana sokoni Musoma. Sasa naye ana wajukuu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Bado wananiita Nyau," akasema, akitabasamu.

"Neno lako lilikuwa sahihi," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekosa. Unisamehe."

Alinyamaza kidogo, akiitazama mifuko yake ya sokoni. Kisha akauliza habari za nyumbani, akanibebea mzigo wangu hadi kituo cha basi.