Magoti Yasiyo na Mlima



Juma hili nawaalika tutafakari juu ya mchango. Huku Usukumani haupiti mwezi bila kadi ya mchango: harusi, kipaimara, mazishi, ujenzi wa kigango. Watu wetu wanajua kutoa. Swali langu ni hili: ni nani tunayemsahau?

Jirani zetu wa Geita wametupa mfano. Mwaka 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita ulianzisha Kili Challenge, harambee ya mapambano dhidi ya UKIMWI, inayoendeshwa pamoja na Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania. Washiriki hupanda Mlima Kilimanjaro wenye kimo cha mita 5,895, wengine huuzunguka kwa baiskeli, na wafadhili huchangia. Miongoni mwa walionufaika ni watoto yatima wa kituo cha Moyo wa Huruma, Geita. Lakini faida yake si fedha pekee. Tangu wagonjwa wa kwanza nchini walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ugonjwa huo ulitajwa kwa kunong'ona. Anayepanda mlima hadharani kwa ajili ya wagonjwa huufanya utajwe kwa sauti.

Ninapowapelekea wagonjwa Komunyo majumbani, nakutana na ugonjwa usiopandiwa mlima wowote: maumivu ya viungo. Yupo mama aliyelima pamba na kutwanga maisha yake yote. Leo vidole vyake vimepinda hata hawezi kushika kata ya maji, na hatua ishirini za kufika chooni humshinda. Wengi husema, "Ni uzee tu." Wengine hunong'ona kwamba amerogwa, au kwamba yeye mwenyewe ni mchawi. Katika mkoa ambamo vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, hata kwa sababu ya macho mekundu tu, mnong'ono huo si neno dogo.

Ukweli ni kwamba magonjwa haya yana majina. Upo ule ambao gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, hulika taratibu. Ipo baridi yabisi, ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuvishambulia viungo vyenyewe. Huwapata hata vijana, na ikitibiwa mapema, viungo vingi huokolewa visiharibike. Dawa zipo. Mara nyingi kinachokosekana ni nauli ya kwenda hospitali ya rufaa, gharama ya vipimo, mkongojo, au kiti cha kukalia chooni.

Hayo hayahitaji mgodi. Jumuiya ndogo ndogo yenye kaya 15, kila kaya ikitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, hupata shilingi 180,000 kwa mwaka. Seremala wa kigango aweza kuchonga mkongojo. Na tarehe 12 Oktoba, siku ambayo dunia huwakumbuka wagonjwa wa viungo, twaweza kutembea nyumba kwa nyumba, tukisimama mlangoni pa kila mgonjwa na kulitaja jina la ugonjwa wake mbele ya majirani, kwa ridhaa yake. Huo ndio utakuwa mlima wetu.

Mwinjili Marko asimulia juu ya watu wanne waliomchukua mwenzao aliyepooza, wakatoboa dari ili kumfikisha kwa Yesu. Haandiki kwamba walichangishana fedha. Walichangishana mabega. Basi, kabla ya kadi nyingine ya mchango kupita, kila jumuiya na iulizane: nani kwetu hajatoka nje mwezi huu kwa sababu ya magoti?

Nawatakieni juma jema.