Kusahau na Kukumbushwa

Watu wengi hudhani kuwa kumbukumbu ni maandishi yaliyochongwa juu ya jiwe. Sayansi ya ubongo yasema vingine. Jambo jipya likimpata mtu, seli za neva huunda protini za kuimarisha maungio baina yao, na kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Kichwa kikipigwa kabla haijaisha, dakika za mwisho aghalabu hazirudi kamwe, hali mambo ya zamani hurejea kidogo kidogo.

Mwaka 2000, Karim Nader na wenzake katika Chuo Kikuu cha New York walionyesha ajabu nyingine. Waliwafundisha panya kuogopa mlio fulani kwa kuwatia umeme. Baadaye waliwasikilizisha mlio ule, kisha wakatia dawa izuiayo kuundwa kwa protini katika sehemu ya ubongo ihusikayo na hofu. Hofu ikapungua sana. Panya waliotiwa dawa pasipo kukumbushwa mlio walibaki na hofu yao. Maana yake, kumbukumbu ikiitwa huweza kulainika kama udongo wa mfinyanzi, ikahitaji kukaushwa upya. Na kwa wanadamu imeonekana kuwa maneno ya wengine huweza kuingia ndani yake.

Jambo hili nimeliona katika mtaa wetu wa Kaloleni, karibu na Eneo la Viwanda la Nairobi. Jirani yangu, mpakiaji wa mizigo kiwandani, aliangukiwa na chuma kichwani. Alipotoka hospitali aliwajua mkewe na wanawe, lakini ajali yenyewe haikuwamo akilini. Wenzake walikuja kumjulia hali baada ya zamu, kila mmoja na habari yake: huyu alisema mnyororo ulikatika, yule kwamba msimamizi aliwaharakisha. Haukupita mwezi, mgonjwa akawa anasimulia jinsi mnyororo ulivyolia, kana kwamba aliusikia. Hakuwa mwongo, alijengewa kumbukumbu kwa matofali ya wageni.

Neno hilo lilikuwa zito, kwa kuwa alikuwa akidai fidia kwa sheria ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007, na maelezo yake yangeandikwa. Mkewe ndiye aliyeiona hatari. Akawaambia wageni, "Shemeji zangu, mliyoyaona nendeni mkayaseme ninyi wenyewe. Baba watoto mwacheni aseme anayoyajua." Wawili wakaenda. Maelezo ya mumewe yalikuwa mafupi: alikumbuka kuvuka reli alfajiri, basi.

Kijana msomaji, ukipata kumwuguza aliyepotewa na kumbukumbu, muulize kwanza anakumbuka nini, kabla hujamwambia lolote. Ukimsimulia, mtajie nani aliona na nani alisikia tu. Na akisema, "Sijui," usimharakishe kulijaza pengo lile. Pengine litajaa lenyewe. Lisipojaa, afadhali pengo la kweli kuliko kumbukumbu ya kuazima.