Maskati Hulala Mchana

Neno lililotufungulia Maskati ni "maji". Mwanangu alilisema akiwa amesimama juu ya ukuta mfupi wa Corniche, ile njia ya pwani ya Muttrah, nami nimemshika kiuno kwa mikono miwili. Hakuwa na kiu. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi na mmoja, na kwake bahari, bomba, mvua na kikombe vyote vilikuwa na jina hilo moja. Alinyoosha kidole bandarini, kwenye meli zilizotia nanga, akalirudia kwa nguvu: "Maji!"

Bibi mmoja aliyekuwa akipita, baibui jeusi, tasbihi mkononi, akasimama ghafla kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Nani kasema maji hapa?"

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mmetoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Dar. Na kwenu hasa?"

"Tanga."

Akaketi. Akampakata mwanangu, na mtoto ambaye nyumbani huwalilia hata shangazi zake akatulia mapajani pale, akihesabu shanga za tasbihi kwa hesabu zake mwenyewe: moja, mbili, mbili, mbili. Bibi alizaliwa Malindi ya Unguja. Akaondoka akiwa msichana baada ya Mapinduzi ya 1964. Sultani Qaboos alipoingia madarakani mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika nje warudi kuijenga nchi, jamaa zake walikuwa miongoni mwa walioitika. Ameishi Oman zaidi ya nusu karne, na Kiswahili chake hakijatikisika. Alisema "kijana kanenepa huyu" na "nimekwisha mpenda" kwa lafudhi ambayo siku hizi naisikia kwa wazee tu.

Nilikuwa nimeambiwa kabla ya safari kwamba Kiswahili kipo Maskati. Sikujua kwamba kipo namna hii, barabarani, kikingoja mtoto akitamke.

Tulisafiri mwezi Januari, siku nne, mimi, baba yake na yeye. Jamaa walitushangaa. Mtoto wa umri huu hatakumbuka kitu, walisema, na walisema kweli. Lakini nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni ya mfuko: mashirika ya ndege humhesabu mtoto kuwa abiria wa mapajani mpaka atimize miaka miwili, na baada ya hapo hulipiwa kiti chake. Tulikuwa tumebakiza wiki nne. Ya pili ni kwamba nilitaka kuujua mji wa ng'ambo kwa mwendo wa mtu anayesimama kila hatua ya tano kuokota jiwe.

Na kama utachagua mji wa kwanza wa mtoto wako, nakusihi uifikirie Maskati. Saa zake zimetangulia za Dar kwa saa moja tu, kwa hiyo usingizi wa mtoto hauvurugiki. Ndege ya moja kwa moja huchukua saa tano na ushei. Januari hali ya hewa ni ya kutembea: mchana jua la upole, jioni unatafuta kisweta. Usiende Juni wala Julai. Joto la huko kiangazi hupita nyuzi 40, na huo si wakati wa kumtoa mtoto mdogo nje.

Safari ya kwenda ilikuwa njema isipokuwa nusu saa ya mwisho. Ndege ilipoanza kushuka, masikio yakamuuma. Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, na sikuwa nimeweka chochote cha kumpa mkononi. Chupa yake ilikuwa juu kwenye mizigo na mkanda ulikuwa umefungwa. Nilimkumbatia tu mpaka tukatua. Nilishuka nikiwa nimejilaumu sana.

Jambo la kwanza la kulijua ni kwamba Maskati si mji wa kuuzunguka wote. Umejinyoosha kati ya milima na bahari kwa makumi ya kilomita, vitongoji vimeunganishwa kwa barabara pana ambazo magari huenda kasi. Tulibeba kiti cha gari cha mtoto kutoka nyumbani, na sikujuta hata siku moja. Kisha tukachagua kulala Muttrah na kuiacha sehemu kubwa ya mji bila kuiona. Mwenye mtoto mdogo hupata zaidi akikaa mahali pamoja.

Muttrah ni mahali pa kukaa. Nyumba nyeupe zenye roshani za mbao zinatazama bandari, nyuma yake mlima mtupu wa rangi ya kahawia, juu ya jiwe ngome ya Wareno. Mtu wa Mombasa au Forodhani hahitaji kuelekezwa. Macho yake yanaijua sura hii. Wareno waliuteka mji huu mwaka 1507, wakafukuzwa 1650, na mwaka 1698 Waomani wakawatoa Ngome ya Yesu kule Mombasa. Miaka ya 1830 mtawala wao, Seyyid Said, akaanza kuhamishia makao yake Unguja. Nilimsimulia mwanangu haya yote tukipita na kigari chake njia ya pwani, yeye akiwafukuza shakwe. Njia ile ni sawa, ina vigae, haina mashimo, na kigari kinateleza chenyewe. Mwisho wake, kwenye bustani ya Riyam, juu ya kilima, kumejengwa chetezo cheupe kikubwa kama jengo la ghorofa. Mwanangu alikitazama kwa muda mrefu akatoa hukumu: "Chai."

Lakini kilichonifanya niupende mji huu ni mchana wake.

Mzazi wa mtoto mdogo anajua ile vita ya safari: mtoto anahitaji kulala baada ya chakula cha mchana, na mji unaendelea bila yeye. Majumba ya makumbusho yamefunguliwa, wenzako wanatembea, wewe umekaa chumbani gizani ukihesabu saa zinazopotea. Maskati hakuna vita hiyo. Kiasi cha saa saba mchana maduka ya soko la Muttrah huanza kuteremsha milango. Watu wanarudi nyumbani, wanakula, wanasali, wanajilaza. Mpaka saa kumi mji wote umetulia. Tulifunga mapazia, tukalala watatu kitanda kimoja, na sikuwa na hofu ya kukosa lolote, kwa sababu hapakuwa na la kukosa. Tulipoamka, adhana ya Alasiri ilikuwa imeshapita na mji ulikuwa unaanza siku yake ya pili. Nasi pia. Na kwa kuwa jioni ndiyo watu hutoka na watoto, hakuna aliyenitazama kwa jicho la kuniuliza mtoto anafanya nini nje saa tatu za usiku. Watoto wenzake walikuwa tele, wakikimbia kati ya miguu ya babu zao.

Sokoni niliacha kigari, nikambeba mwanangu mgongoni kwa mbeleko ya khanga. Vichochoro vya soko la Muttrah ni vyembamba na vimeezekwa juu, vya zamani vikiwa na giza la kupendeza, na ubani unafukizwa mlango hadi mlango. Ubani wenyewe unatoka Dhofar, kusini mwa nchi, utomvu wa mti unaochanjwa gome na kuachwa machozi yake yakauke. Muuzaji mmoja alinifundisha kuuchagua: ule mweupe unaoelekea kijani ndio wa thamani. Akaniuliza kwa Kiswahili chepesi khanga yangu imetoka wapi. Nyuma yangu nilisikia mtoto akivuta pumzi kwa sauti, akinusa.

Kwenye duka la halua tulikaribishwa kahawa. Halua ile ni ndugu wa halua ya Unguja, baba mmoja mama mmoja: wanga, sukari, samli, zafarani, iliki na marashi ya mawaridi, vimesongwa muda mrefu kwenye sufuria kubwa. Mtoto nilimpa kiasi cha ncha ya kijiko, basi. Chakula hakikunitaabisha hata kidogo. Wali ulikuwa kila mahali, mkate mwembamba kama karatasi, mtindi, ndizi, tende nilizozitoa kokwa. Na jioni, kandokando ya barabara, mishikaki, inayoitwa huko karibu kwa jina hilohilo. Riali ni fedha ghali, moja inazidi dola mbili na nusu za Marekani, lakini mtoto mdogo anataka ufuo, shakwe, paka na ngazi za kupanda, na Maskati vyote hivyo ni bure.

Asubuhi moja tulikwenda Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Mimi na baba yake tuliingia kwa zamu, ili mmoja abaki nje na mtoto. Zulia la ukumbi mkuu lina urefu wa mita 70 na upana wa 60 na uzito wa tani 21. Wanawake wapatao 600 wa Iran walilifanyia kazi miaka minne. Nilisimama pale nikiwaza vidole vyao. Lakini kilichobaki nami zaidi ni ua wa nje, marumaru yaliyopata joto la jua la asubuhi, na mwanangu pekupeku akikimbia kutoka nguzo hadi nguzo huku kicheko chake kikirudi kutoka kwenye matao. Mlinzi alikuja. Nilikuwa tayari kuomba radhi. Akachuchumaa, akatoa tende mfukoni, akampa.

Ufuoni Qurum tulikwenda mara moja, alasiri, maji yakiwa yamekupwa na vijana wakicheza mpira mchangani. Qurum maana yake ni mikoko, na mikoko ipo bado, kijani kibichi katikati ya nchi ya mawe. Mwanangu alichimba shimo. Tulikaa mpaka jua likazama. Zaidi ya hapo hatukufanya kitu, na ilikuwa moja ya jioni njema za maisha yangu.

Bibi alikuwa ametuambia kwamba kila siku baada ya Alasiri yupo pale pale ukutani, daktari amemwamuru atembee. Tulimkuta siku ya pili, na ya tatu. Alimfundisha mwanangu kusema "meli" na "shakwe", na akaniuliza habari za Tanga mtaa kwa mtaa, ijapokuwa aliwahi kufika mara moja tu, utotoni, kwa jahazi. Nilimweleza habari ya masikio ndani ya ndege. Akanikemea kidogo, kama mama mkwe anavyokemea.

"Wakati wa kushuka mpe kitu atafune, mwanangu. Akitafuna anameza, akimeza masikio yanafunguka. Hukufunzwa?"

Siku ya kuondoka alikuja na fuko la karatasi limelowa mafuta kidogo kwenye pembe. Ndani mlikuwa na maandazi kumi na mawili, ya nazi na iliki, bado yana uvuguvugu. "Haya si yenu," alisema akinitazama mimi na baba yake. "Haya ya mtoto."

Tulikaa naye mpaka Magharibi. Hakutaka picha, na sikumshurutisha.

Ndani ya ndege mwanangu alilala karibu njia nzima. Rubani alipotangaza kwamba tumeanza kuteremka Dar es Salaam, nilikuwa nimeshaliweka lile fuko mapajani. Akaamka, akakunja uso, akashika sikio. Nikampa andazi. Akalitafuna taratibu, makombo yakimwagika kwenye kisweta chake, macho kwenye dirisha. Taa za mji zilipoonekana na weusi wa bahari pembeni yake, alitoa andazi mdomoni muda wa kutosha kusema neno moja, "maji", kisha akalirudisha. Nilimpa la pili. Alikuwa bado anatafuna magurudumu yalipogusa ardhi.