Igizo Tulilolifuta Kabla ya Safari

Tunaishi Nkoaranga, hapa miteremkoni mwa Mlima Meru. Sisi ni akina mama 18 wa kwaya, na wengi wetu tuna watoto wadogo nyumbani na ng'ombe zizini. Tunapenda kuwashirikisha jambo lililotupata tulipokuwa tukijiandaa kwenda Longido, kwa ndugu zetu Wamasai, kuinjilisha siku tano kwa nyimbo na maigizo.

Mazoezi yalichukua Jumamosi sita. Kila mmoja alitoka kwake akiwa amekwisha kukata majani ya ng'ombe na kuacha chakula jikoni. Baadhi ya waume zetu walituunga mkono; wengine waliuliza, "Kwani hamwezi kuimba hapa hapa?" Hata hivyo tulifika. Tulijifunza nyimbo mpya na kushona sare za vitenge. Lakini tulichokipenda kuliko vyote ni igizo letu.

Ndani ya igizo hilo alikuwamo mlinzi wa Kimasai, na shuka lake na rungu lake, akizungumza Kiswahili cha kupindapinda na kushangaa kila anachokiona mjini. Mwenzetu aliyemwigiza ni hodari kweli. Tulicheka hadi machozi. Watoto waliotufuata walicheka nasi, kisha wakawa wanamwiga njiani wakirudi nyumbani. Hatukuona ubaya wowote.

Jumamosi ya nne tulimwalika mama mmoja Mmasai, aliyeolewa huku kwetu, aje atufundishe salamu za Kimaa. Alifika mapema akaketi benchi la nyuma na mwanawe mdogo. Sisi tukaendelea na igizo. Mlinzi alipoingia, tulicheka kama kawaida. Mara tukasikia sauti ya yule mtoto: "Mama, yule ni babu?"

Mama yake akamjibu, "Hapana. Babu haongei hivyo." Akamshika mkono, wakatoka.

Jamani, tulinyamaza. Hatukuweza kumlaumu mwigizaji peke yake, maana igizo tulilitunga wote na kicheko kilikuwa cha wote. Jioni ile ile wanne kati yetu tulikwenda nyumbani kwake. Alitukaribisha chai. Tulipomwomba msamaha alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Baba yangu alijifunza Kiswahili ukubwani, ili aweze kuuza ng'ombe mnadani. Ninyi mnakwenda kwao. Je, Kimaa mnajua maneno mangapi?"

Hatukujua hata moja.

Alitusamehe, na Jumamosi mbili zilizobaki akawa mwalimu wetu. Alitufundisha kwamba mwanamke husalimiwa "Takwenya" naye huitikia "Iko", na kwamba mtoto akiinamisha kichwa mbele yako anangoja umguse kichwani, usimpite. Alituuliza saa za mikutano yetu. Tuliposema saa kumi na mbili jioni, alitikisa kichwa. "Hiyo ni saa ya kukamua. Anayekamua ni mama, na nyumba anajenga mama. Mnataka kuimba na nani?" Tukabadilisha ratiba.

Ngoma ndiyo iliyoleta ubishi. Wamasai kwa asili huimba bila ngoma: mmoja, olaranyani, huongoza, na wenzake humwitikia kwa sauti nzito za kooni. Mwalimu wetu wa kwaya alisema wimbo bila ngoma ni chakula bila chumvi. Tulijaribu hivyo hivyo, mama yule akiongoza. Tulipomaliza, mwalimu mwenyewe aliichukua ngoma akairudisha stoo. Kisha akatukumbusha "Mfurahini, Haleluya", wimbo wenye lahani ya Kihaya ulioandikwa na Bernard Kyamanywa miaka ya 1960, alipokuwa akisoma hapa jirani Makumira. Leo unaimbwa Ujerumani na Marekani, na lahani yake ni ile ile ya Kihaya. Hakuna aliyemtaka Mhaya kwanza aimbe kama Mjerumani.

Bibi mmoja wa kwaya yetu aliongeza neno. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, si mbali na hapa. Jirani na kambi yao palikuwa na kambi ya askari wa Kijerumani, na watu hawakuwatofautisha. Mwaka 1902 wengine walikuja wakaanzisha misioni hapa Nkoaranga. "Nasi tuliwahi kufikiwa na wageni," bibi alisema. "Tunajua mgeni huangaliwa kwanza amekuja na nini."

Lile igizo tulilifuta. Badala yake tuliigiza habari ya mwana mpotevu, ila huyu aliomba ng'ombe zake kwa baba. Mwenzetu aliyekuwa mlinzi sasa ndiye baba. Mama yule alimfundisha kutembea taratibu na fimbo yake, kama mzee mwenye heshima. "Mzee hakimbii ovyo," alisema. "Kwa hiyo siku akimwona mwanawe na kukimbia, kila mtu ataelewa anavyompenda." Siku hiyo tulilia, na mtoto yule alikaa benchi la mbele.

Akina mama wenzetu, watoto wetu hawakujifunza kuwacheka Wamasai barabarani. Walijifunza kwetu, tena kwenye mazoezi ya Injili. Ilibidi tuwaketishe, kila mmoja nyumbani kwake, tukawaambia kwamba tulikosa. Haikuwa rahisi kumwomba radhi mtoto wa miaka saba.

Tulikumbuka pia kwamba Bwana Yesu, alipokutana na mwanamke Msamaria kisimani, alianza kwa kuomba maji. Nasi tulipopanda gari kwenda Longido, mama yule alikaa mbele, na njia nzima tulikuwa tukimwuliza: na hili, kwenu huitwaje?