Chumbe: Kabla Hamjanunua Tangi la Samaki

Wewe na mwenzi wako mnataka samaki wa baharini pale sebuleni? Poa, lakini kwanza nendeni Unguja, mpande boti ya Chumbe. Kisiwa kidogo tu, kina mnara wa taa wa mwaka 1904, na tangu 1994 uvuvi umepigwa marufuku kwenye matumbawe yake ya magharibi. Vaeni miwani ya majini, mchungulie: ndugu zake Nemo wanacheza, maji yanapwa, yanajaa, uchafu haukai.

Sasa kazi hiyo ya bahari, nyumbani ni yenu. Chumvi gramu 35 hivi kwa lita, joto nyuzi 25 hadi 27, usiku na mchana. Maji yakipungua, ongezeni yasiyo na chumvi, maana chumvi haipandi na mvuke, inabaki. Tangi jipya lisubiri wiki 4 hadi 6, bakteria wanaovunja sumu ya kinyesi waongezeke. Samaki wengi hufia hapo, kwa haraka ya wenye nyumba (na wauzaji, jamani!). Umeme ukikatika usiku, pampu inalala na hewa majini inapungua. Kubalianeni mapema nani ataamka.