Neno Juu ya Noti

Nilipopewa kantata ya Bach, Ich habe genug, nilikuwa na miaka 23, mwimba besi wa usharikani kwetu Moshi, nimefika Leipzig kusoma kwa mwaka mmoja. Kijerumani changu kilikuwa cha kuombea maji. Nikachukua penseli, nikaandika juu ya noti za kwanza: nimechoka.

Niliona nimepatia. Anayeimba ni mzee Simeoni, aliyempakata mtoto Yesu hekaluni, sasa yuko tayari kufa. Mtu wa hivyo atakuwa nani kama si mchovu? Basi nikaimba kwa kilio. Aria ya kwanza ilinikubalia, maana obo yenyewe hutangulia ikilalama. Ya pili pia, ile ya kuyabembeleza macho yalale, ambamo muziki husimama mara kwa mara kama mtu anayesinzia. Shida ilikuwa ya tatu. Ile hukimbia kwa mapigo ya dansi, nami nikaiburura kama mbuzi aliyegoma njiani. Mwalimu alitikisa kichwa tu.

Miaka kumi na moja baadaye, Moshi, nilikuwa namlisha bibi mtori. Kijiko cha nne akausogeza mkono wangu. "Nimeshiba, baba." Akacheka kidogo, akageukia dirishani kumtazama kitukuu akifukuza kuku uani. Hakuwa amechoka hata kidogo; alikuwa na ya kutosha, na hiyo ndiyo maana ya Ich habe genug. Nikabaki na kijiko hewani, nikikumbuka dansi ile niliyoiburura.

Kantata hii iliimbwa mara ya kwanza 2 Februari 1727, sikukuu ya mtoto Yesu kupelekwa hekaluni. Mwaka 1731 Bach aliipandisha kwa soprano, filimbi ikashika nafasi ya obo, na sehemu yake imo hata katika daftari la mkewe, Anna Magdalena. Maneno, watafiti sasa wanasema, ni ya Christoph Birkmann, aliyezaliwa 1703, wakati ule mwanafunzi tu pale Leipzig. Kijana, kama nilivyokuwa mimi! Yeye aliyajua bila kungoja bakuli la mtori.

Siku hizi aria ya tatu naiimba kwa kasi mpaka mpiga kinanda wetu ananiomba nipunguze. Sauti ya chini imenona, pumzi ndiyo imepungua. Katika ile ya pili navuta hewa mahali ambapo zamani nilipita moja kwa moja. Nakala ni ileile. Neno la penseli nililifuta, ila nilikuwa nimekandamiza mno, na ukiinua karatasi kwenye taa bado linasomeka.