Safari ya Endulen

Tulikwenda Endulen kuwaamkia wazee, nasi twapenda kuwapasha habari za tuliyoyaona, maana yahusu kila nyumba.

Tulitoka Karatu alfajiri. Huko mashamba ya mahindi na maharagwe yako pande zote, lakini ukiisha kupita lango la Lodoare huoni shamba tena. Njia yapanda msituni mpaka ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, kisha yashukia nyika ya ng'ombe na mbuzi. Kulima katika hifadhi kulikatazwa mwaka 1975, kukaruhusiwa mwaka 1992, kukakatazwa tena mwaka 2009. Basi unga wa Endulen watoka nje, na asiye na mbuzi wa kuuza ni shida kuupata.

Katika boma moja tulimwamkia bibi kizee, "Takwenya, koko!" Akaitikia, "Iko!" Bangili zake zilimteleza mpaka vidoleni. Mke wa mwanawe akasema, "Ni uzee tu." Hata chakula kilipoletwa, kilikuwa ugali mkavu, naye bibi hana magego. Akamega kidogo, akasema ameshiba. Kikombe chake cha maziwa akampa mjukuu. Tulipomwuliza sababu, akajibu, "Mtoto anakua. Mimi nakua kwenda wapi?"

Neno hilo lilitutia huzuni, kwa kuwa upendo ule ulikuwa ukimdhoofisha. Mzee hufanya kazi chache, lakini haja yake ya chakula cha kujenga mwili haipungui. Waganga hukadiria protini gramu 1 au zaidi kwa kila kilo ya mwili kila siku. Mwenye kilo 50 ahitaji gramu 50, na robo lita ya maziwa yampa kama 8 tu. Akikosa, nguvu za miguu humwishia, huanguka, na vidonda vyake hukawia kupona. Mtu wa kilo 50 akipungua kilo 5 kwa miezi 6 bila kukusudia, msiseme ni uzee, mpelekeni hospitali.

Nyumbani, mpikieni uji wa maziwa, maharagwe yaliyopondwa, na nyama iliyochemshwa mpaka ikalainika. Mpeni kidogo kidogo, mara nyingi. Mpeni maji kabla hajayaomba, maana wazee wengi hawasikii kiu upesi. Wala asile peke yake, kwa kuwa upweke huondoa hamu.

Kabla hatujaondoka, yule mke wa mwanawe alikamua mbuzi, akapika uji kwa maziwa, akajaza vikombe viwili, cha mtoto na cha bibi. Kisha akaketi karibu naye mpaka kikombe kikaisha.

Nanyi, ndugu zetu, mtakapowaamkia wazee wenu leo, itazameni na mikono yao. Bangili ikiteleza, msingoje kesho.